Mambo ya kuzingatia kabla mgonjwa wa skizofrenia hajarudi nyumbani

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Familia inayomsubiri ndugu yake mwenye ugonjwa huo atoke hospitali ya magonjwa ya akili, kama Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu, ianze maandalizi kabla ya siku ya ruhusa, tena pamoja naye, kwa sababu akiwa ametulia anaweza kueleza mwenyewe anachotaka atendewe pindi hali itakapobadilika.

Ulizeni wodini majina ya dawa, kipimo chake, tarehe ya kliniki, na kama dawa hizo zinapatikana katika hospitali ya wilaya yenu. Dawa za ugonjwa huu kama haloperidoli na klopromazini zinaweza kukakamaza misuli, kutetemesha mikono au kumfanya mtu ashindwe kabisa kukaa mahali pamoja. Madhara hayo yanatibika, lakini asiyeelezwa mapema mara nyingi huacha vidonge kimyakimya. Anayesahau kumeza aulize kuhusu sindano ya flufenazini, inayochomwa kila baada ya wiki chache.

Dawa hupunguza sauti anazosikia, ila kwa wengine haziziondoi kabisa. Mwulizeni kinachomsaidia zinapomjia: pengine ni kusikiliza redio kwa spika za masikioni, kuimba polepole, kutembea au kuzungumza na mtu anayemwamini. Msibishane naye, wala msijifanye mnazisikia. Inatosha kumwambia kwamba ninyi hamzisikii lakini mnaona zinavyomsumbua. Zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, apelekwe hospitali mara moja.

Andikeni dalili zake za awali, kama vile kukosa usingizi, kujitenga au kushuku chakula, na mkubaliane nani atapiga simu, nani atamsindikiza, na nauli itatoka wapi usiku. Bangi, pombe na mirungi viepukwe. Familia ikitaka dua, isomwe huku dawa zikiendelea, na asifungwe kamba wala minyororo popote.

Jambo ambalo familia husahau zaidi, nami naliona zito kuliko mengine, ni kumpa nafasi ya kuishi. Mtu anayelishwa na kumezeshwa dawa katika chumba cha uani, bila kazi, bila fedha yake hata kidogo na bila kuulizwa neno, hawezi kusemwa kwamba amepona hata kama sauti zimenyamaza. Kabla hajafika, mtafutieni shughuli anayoipenda na kuimudu, kwa saa chache kwanza: kuhudumia kuku, kuuza dukani, kushona, kurudi kwaya au madrasa. Pangeni pia zamu za kumwangalia, ili mzigo wote usimwangukie mama peke yake.