Namna ya Kuandaa Mazungumzo na Mwandishi Katika Maktaba ya Umma

Mtu akiambiwa kwamba Jumamosi kutakuwa na shughuli ya kitabu, mara nyingi hudhani ni uzinduzi: meza kuu iliyofunikwa kitambaa, mgeni rasmi, na nakala ya kwanza inayonadiwa huku waalikwa wakitazamana nani atatoa bahasha nene. Mazungumzo na mwandishi katika maktaba ya umma ni jambo tofauti kabisa, kwa kuwa hayana kiingilio wala mchango, na mwenye shughuli ni msomaji. Maelekezo haya yanamlenga mwalimu, kiongozi wa klabu ya wasomaji au mkazi yeyote anayetaka kuyaandaa katika maktaba ya mkoa au wilaya nchini Tanzania.

Anza kwa mkutubi, tena kwa kwenda mwenyewe kabla ya kuandika barua. Maktaba hizi ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo pia inaisimamia Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, hivyo mkuu wa maktaba ya mkoa ana taratibu za kufuata na hawezi kukukubalia kwa neno la mdomo tu. Hata hivyo, ziara ya kwanza itakuonyesha viti ni vingapi, sauti inafika wapi bila kipaza sauti siku umeme ukikatika, na ni wakati gani meza zote hujaa wanafunzi wanaojisomea. Hao wanafunzi ndio wenyeji wa jengo. Ikiwa maktaba haina ukumbi wa pembeni, omba saa ambazo hutawafukuza, na katika barua yako taja tarehe, muda wa kuanza na kumaliza, idadi ya watu unaowatarajia, jina la mwandishi na kitabu chake, nani atarudisha viti mahali pake, na kama utaruhusiwa kuuza vitabu ndani ya jengo.

Tarehe ina mitego yake. Siku ya Vitabu Duniani, yaani tarehe 23 Aprili, inavutia, lakini katika pwani na kaskazini huangukia katikati ya masika, na watu hawatoki nyumbani mvua ikipiga. Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai, ambayo kwetu ni Sabasaba na sikukuu ya taifa, kwa hiyo ni salama zaidi kuchagua siku nyingine ya wiki hiyo. Oktoba na Novemba waachie watahiniwa wa kidato cha nne. Mimi hupendelea Jumamosi saa nne asubuhi, ingawa nakiri kwamba Wasabato hunilaumu kwa uchaguzi huo, na wana haki.

Katika kumtafuta mwandishi, usianze na jina kubwa lililo mbali. Mwalimu wa sekondari ya jirani aliyechapisha diwani moja atakuja, atakaa mpaka mwisho, na wasomaji watakutana naye tena sokoni. Ukitaka kwenda mbali zaidi, orodha za washindi wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2023, ni mahali pazuri pa kuanzia. Jambo moja lisisahaulike: shughuli kuwa ya bure kwa wasikilizaji hakumaanishi kwamba mwandishi ajigharamie. Nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha mchana vipatikane kabla hujamwalika, na kama huna uwezo wa kumpa posho, mwambie hivyo waziwazi katika simu ya kwanza.

Kinachoamua kama mazungumzo yatanoga au yatadorora hufanyika wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Ukumbi ambao hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja hauna la kuuliza zaidi ya «ulipataje wazo la kuandika?», na mwandishi ameshalijibu swali hilo mara mia. Kwa hiyo mwombe mwandishi au mchapishaji ruhusa ya kunakili kurasa nne au tano, kwa maandishi, maana kazi hiyo ina hakimiliki. Chagua sehemu yenye ugomvi, uamuzi mgumu au ubeti unaoweza kufasiriwa kwa njia mbili, kisha ziache nakala kwenye meza ya mkutubi, ofisi ya walimu na hata kijiwe cha kahawa. Tangazo liambatane na kurasa hizo, na maneno «hakuna kiingilio, hakuna mchango» yaandikwe kwa herufi kubwa kuliko jina lako.

Siku ikifika, dakika tisini zinatosha. Mwandishi asome kwa dakika kumi, azungumze na mwongozaji kwa nusu saa, na muda wote uliobaki uwe wa wasomaji. Itifaki ndiyo mwizi mkubwa wa muda huo. Niliwahi kukaa katika ukumbi mmoja ambako tulimsubiri kiongozi kwa saa nzima, tukasikiliza salamu za watu sita, na mshairi tuliyemfuata akapewa dakika kumi na tano kabla ya chakula. Kiongozi akija, atambulishwe kwa sentensi moja na aketi miongoni mwa wasomaji. Vivyo hivyo, usimkabidhi mazungumzo mshereheshaji wa harusi, hata awe hodari namna gani, kwa sababu kazi yake ni kuchangamsha watu, ilhali mwongozaji wa mazungumzo anapaswa kuwa amekisoma kitabu chote na kujua kunyamaza.

Maswali nayo yanahitaji mkono wa mtu. Gawa vikaratasi na kalamu mlangoni, kwani wapo vijana na akina mama ambao hawatasimama mbele ya watu lakini wataandika swali ambalo litamfanya mwandishi atafakari kabla ya kujibu. Soma vikaratasi viwili kwanza, kisha ruhusu mikono, ukianzia nyuma ya ukumbi. Anayesimama kutoa hotuba aombwe kwa upole ataje swali lake. Kuhusu kurekodi, mwandishi aulizwe kabla, na watoto wasipigwe picha bila idhini ya wazazi wao.

Kama mauzo yameruhusiwa, weka meza karibu na mlango wa kutokea, bei iandikwe, chenji iwepo na namba ya malipo ya simu ionekane, lakini nakala moja iliyosainiwa ibaki maktaba ili asiye na fedha aweze kuiazima Jumatatu. Mwachie mkutubi pia daftari la mahudhurio lenye safu moja ya ziada, ambamo kila mtu ataandika mwandishi ambaye angependa kumsikia safari ijayo. Halafu rudisheni viti.