Somo: Namna ya kufikia bei ya haki ya SUV ya familia iliyotumika

Ndugu zangu, somo hili nimelichelewesha mno. SUV yangu ya kwanza ya viti saba niliinunua kwa macho. Bodi inang'aa, watoto wameshakaa siti ya nyuma wanashangilia, na injini nimeikuta inanguruma tayari. Asubuhi ya pili nyumbani niliwasha ikiwa baridi, ikatoa moshi wa bluu. Nilikuwa nimelipa bei ya gari zima, lisilo na kasoro, kwa injini inayokula oili.

Tangu siku ile nahesabu hivi: chukua bei ya gari zima la aina hiyo, toa gharama ya kulifanya hilo lililo mbele yako liwe zima. Kinachobaki ndicho unachopaswa kulipa.

Hatua ya 1: Pata bei ya katikati

Kusanya matangazo kumi hivi ya gari lilelile: mwaka uleule, injini ileile, gia za aina moja, kilomita zinazokaribiana. Toyota RAV4 ya petroli usiilinganishe na ya haibridi, yaani ya petroli na umeme. Futa la bei ya juu kupita kiasi na la bei ya kutupa, kisha angalia yaliyobaki yanazunguka wapi. Kumbuka hizo ni bei wanazoomba wauzaji, si lazima ziwe bei wanazouzia. Tangazo lililokaa wiki nyingi na bei yake inashuka linakufundisha zaidi kuliko lililowekwa jana.

Hatua ya 2: Hakiki utambulisho

Namba ya chesisi kwenye bodi na kwenye hati zisome mwenyewe, herufi kwa herufi. Kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17, ila magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi. Namba ikiwa imekwaruzwa au haifanani, ondoka. Hapo hakuna punguzo linalotosha. Itumie pia kuuliza kwa mtengenezaji kama gari liliwahi kuitwa kwa marekebisho ya usalama. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata peke yake ilifanya mamilioni ya magari yaitwe duniani kote, na gari unalobebea watoto halifai kubahatishwa.

Hatua ya 3: Likague likiwa limelala

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha gusa boneti. Ikiwa ya moto, subiri ipoe au rudi siku nyingine. Linapowaka, simama nyuma: moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta kuzidi. Mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni mvuke tu, lakini ukiwa mzito na hauishi, huenda maji ya rejeta yanaingia kwenye injini.

Vuta mikanda ya usalama yote hadi mwisho, hasa ya siti za nyuma. Gari lililozama mafurikoni huoshwa kila mahali, ila ncha ya mkanda husahaulika, na doa la tope hubaki pale. Inua pia zulia penye tairi la akiba. Mimi nikiona kutu mbichi hapo, siendelei na mazungumzo.

Ubavuni mwa tairi kuna alama inayoanza na herufi DOT; tarakimu zake nne za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa SUV inayovuta kwa magurudumu yote manne, tairi zilizochakaa kwa viwango tofauti huutesa mfumo wa kugawa nguvu.

Hatua ya 4: Liendeshe, kisha lete fundi

Kata usukani hadi mwisho, uende polepole. Mlio wa tak-tak-tak ni viungo vya ekseli vilivyochakaa. Gia zikichelewa kushika au kuruka, ni gharama kubwa. Fundi awe wako, umlipe wewe.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Tuseme bei ya katikati ni 100. Tairi nne zitakula 6, mkanda wa taimingi (ule wa ndani ya injini unaoendesha valvu kwa wakati wake) na vifaa vyake 4, shokapu 5. Jumla 15, kwa hiyo ukomo wako ni 85. Anza na 80, na umwonyeshe muuzaji karatasi ya fundi. Ukimtajia sababu, mtazungumza kama watu wazima.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Muuzaji anasema fundi wangu hana ruhusa ya kuligusa gari. Nifanyeje?

Marahaba. Mshukuru, uage. Anayekuzuia kuangalia anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kaka, bora kilomita 90,000 bila kumbukumbu za matengenezo, au 160,000 zenye kumbukumbu zote?

Mimi nachukua la 160,000, bei yake ikiwa imeshuka inavyostahili. Kilomita hurudishwa nyuma. Pedali iliyolika na usukani uliopauka kwenye gari la "90,000" vinakwambia ukweli. Injini nyingi zenye mkanda wa taimingi hutaka ubadilishwe kati ya kilomita 90,000 na 160,000. Bila risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, ukate gharama yake kwenye bei. Ukikatika, injini nyingi huharibika valvu.

Dizeli je? Safari zangu ni kupeleka watoto shule tu.

Dada, kwa safari fupi hivyo chukua petroli. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kinachohitaji safari ndefu yenye joto ili kijisafishe. Kikiziba, kukibadilisha ni ghali.

Muuzaji anasema kuna mteja mwingine anakuja jioni na pesa taslimu. Nimeshapenda gari, fundi anapatikana kesho.

Mwambie yule wa jioni akishindwa, akupigie. Mimi nimeambiwa hivyo mara tatu, na mara mbili nilipigiwa simu kesho yake, bei ikiwa imeshuka. La tatu liliuzwa kweli. Wiki mbili baadaye nilipata jingine la mwaka uleule.