Neno "eventually" na ndugu zake: tahadhari kwa mfasiri

Yeyote anayefasiri kutoka Kifaransa au Kijerumani, hali Kiingereza ndicho kilichotangulia kichwani mwake, ajihadhari sana na maneno yaliyotokana na neno la Kilatini "eventus", yaani tokeo. Mwingereza akisema "eventually" humaanisha kwamba jambo litakuwa, hata likichelewa, na kwa Kiswahili ni "hatimaye" au "mwishowe". Mfaransa akiandika "éventuellement", au Mjerumani akiandika "eventuell", haahidi lolote. Anasema "huenda", "pengine" au "ikibidi". Nchini Hispania, mfanyakazi anayeitwa "eventual" ni yule aliyeajiriwa kwa muda tu.

Chukua sentensi hii ya barua ya kazi: "Nous pourrons éventuellement rembourser vos frais de transport." Ukiandika "Hatimaye tutakurudishia nauli", umempa msomaji ahadi ambayo mwandishi hakuitoa, naye atakata tiketi kwa kuitegemea. Iandike hivi: "Huenda tukaweza kukurudishia nauli." Mimi naliona kosa hili kuwa baya kuliko makosa mengi ya sarufi, kwa sababu sentensi hutoka imenyooka kabisa, na mhariri asiye na matini asilia mkononi hapati chochote cha kumshtua.

Anayefasiri kwenda upande wa pili naye asilikimbilie neno linalofanana: "hatimaye" kwa Kifaransa ni "finalement", na kwa Kijerumani ni "schließlich".