Kumwanzishia Chakula Mtoto Asiyetulia

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Kufikia miezi 6 akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana, na maziwa peke yake hayamtoshelezi tena. Hata hivyo, usitazame kalenda tu. Hakikisha kwamba shingo yake imekaza, anaweza kuketi akiegemezwa, na ulimi wake umeacha kusukuma nje kila kinachotiwa mdomoni.

Wapo watoto waliokwisha kutimiza hayo yote ila hawatulii. Mlango ukilia kidogo, kichwa kinageuka na kijiko kinaishia shavuni. Mtu akipita, mtoto anamsindikiza kwa macho na kusahau kwamba alikuwa akila. Hali hiyo isihesabiwe kuwa ni kukataa chakula, kwa sababu mtoto wa umri huo ndiyo kwanza anaanza kuyafahamu mazingira yake na kila kitu kwake ni kipya. Ninavyoona, kinachohitajika si bidii zaidi ya kulisha, bali kupunguza mambo yanayomvuta.

Wakati una uzito mkubwa. Mtoto mwenye usingizi hali, na mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kijiko, kwa hiyo mlishe akiwa amechangamka, na ikibidi mnyonyeshe kidogo kwanza ili kupunguza makali ya njaa. Mkalishe mahali palepale kila siku, akiupa mgongo mlango na dirisha, mwili ukiwa wima na miguu ikikanyaga kitu, maana mtoto anayening'inia hutumia nguvu zake kujizuia asianguke. Televisheni izimwe na simu iwekwe mbali, hata ya mlezi. Kumwonyesha katuni ili afungue mdomo bila kujitambua huvutia wazazi wengi kwa kuwa bakuli huisha upesi, lakini mtoto anayelishwa hivyo hajifunzi kuitambua njaa yake wala shibe yake.

Keti mbele yake, macho yenu yakiwa usawa mmoja. Chota nusu ya kijiko kidogo, kisogeze karibu na midomo yake, kisha kisimamishe hapo hapo. Akigeuka, usimfukuzie na kijiko. Mwite kwa sauti ya chini, mwambie kilichomo, na usubiri. Atakaporudisha uso atakitazama kijiko, atainama mbele kidogo na kufungua mdomo. Hapo ndipo ukiingize kikiwa kimelala juu ya ulimi, uache midomo yake yenyewe ikikwangue chakula. Mpe pia kijiko chake cha kushika, kwa kuwa mikono yenye shughuli husaidia kumtuliza. Atajipaka chakula hadi nywele, na hilo ni sehemu ya kujifunza.

Mwanzoni vijiko vikubwa 2 au 3 vya chakula kwa mlo vinatosha, mara 2 hadi 3 kwa siku, vikiongezwa taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 milo huwa 3 hadi 4. Kwa mtoto wa namna hii mlo mfupi unafaa kuliko mrefu: akifumba mdomo, akasukuma kijiko na kugeuza uso tena na tena, maliza bila kumlazimisha. Chakula kiwe kimepondwa vizuri lakini kizito cha kutosha kubaki kwenye kijiko, kwa sababu kilicho chepesi kama maji hulijaza tumbo dogo bila kulipa nguvu. Usikawie kuleta nyama, samaki, mayai na jamii ya kunde, na chakula alichokikataa leo kirudishwe siku nyingine, kwani huenda akahitaji kukionja mara 10 au zaidi kabla ya kukizoea. Chumvi na sukari hazihitajiki, na asali asipewe kabisa kabla ya miezi 12 kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu na kusababisha botulizimu, ugonjwa hatari unaolegeza misuli.

Kwa upande wa kupaliwa, naomba mlezi awe mkali. Mtoto asilishwe akiwa anatambaa, amelala au anacheka, na asiachwe peke yake na chakula hata kidogo. Karanga nzima, zabibu nzima na vipande vigumu vya mboga mbichi visimfikie. Akitoa sauti kama anayetaka kutapika, mara nyingi anakirudisha mwenyewe chakula kilichokwenda nyuma mno. Lakini akinyamaza ghafla, akashindwa kulia au kukohoa, au midomo ikabadilika rangi, njia ya hewa imeziba na anahitaji huduma ya kwanza papo hapo. Jifunze huduma hiyo kwa mtaalamu kabla ya kijiko cha kwanza.

Akikohoa karibu kila anapomeza, akiacha kuongezeka uzito, au akikataa kila chakula kwa siku nyingi mfululizo, mpeleke kliniki akapimwe.