Safari ya Hisani ya Watu Wawili: Dar es Salaam hadi Dodoma kwa Baiskeli

Barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma ina takriban kilomita 450, na watu wawili wenye afya ya kawaida wanaweza kuimaliza kwa siku nne iwapo wamejizoeza kwa miezi mitatu. Naipendekeza kuliko ile ya Iringa, ambayo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kwani aliye ndani ya basi humtazama simba kupitia kioo, ilhali mpanda baiskeli hana kioo.

Kabla ya kununua hata tairi moja, kubalianeni kuhusu fedha na mwendo, kwa maandishi ikiwezekana. Michango iende moja kwa moja kwenye akaunti au lipa namba ya taasisi mnayoichangia, isipite katika simu ya yeyote kati yenu, na taasisi hiyo iwape barua ya kuwatambulisha kwa wachangiaji na kwa askari wa usalama barabarani. Chakula, malazi na vipuri vyote mlipie mifukoni mwenu, maana mchangiaji aliyetoa fedha za kitanda cha zahanati hakutoa fedha za chipsi zenu. Njia rahisi ya kuomba ni kuahidiwa kwa kilomita: atakayetoa shilingi 1,000 kwa kila kilomita atakuwa amechangia shilingi 450,000 mtakapofika.

Kuhusu mwendo, kanuni ni kwamba anayekwenda polepole ndiye anayeamua. Mimi na rafiki yangu tulilipuuza hilo katika safari yetu ya kwanza. Nilimwacha nyuma kwenye mlima mmoja kwa sababu nilijisikia vizuri, naye, akijitahidi kunifikia, akaishiwa nguvu kabla ya saa sita mchana, na siku nzima ikaharibika kwa wote wawili.

Mazoezi yaanze kwa kilomita 30 mara tatu kwa wiki, kisha safari ndefu ya mwisho wa wiki iongezwe kidogo kidogo hadi ifike kilomita 100. Katika mwezi wa mwisho endesheni Jumamosi na Jumapili mfululizo angalau mara mbili, kwa kuwa siku ya pili, pale makalio yanapouma na miguu ni mizito, ndiyo inayofanana na safari yenyewe. Siti ikiwa chini mno magoti yataumia: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka.

Chagueni miezi ya Juni hadi Septemba, wakati masika yamekwisha na upepo wa kusi kwa kawaida huvuma kutoka upande wa bahari, hivyo mara nyingi husaidia badala ya kupinga. Ondokeni Dar es Salaam Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache, mlale Chalinze. Siku ya pili ni fupi, hadi Morogoro. Siku ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: baada ya Dumila barabara hupanda kuelekea Gairo, na hapo shukeni gia mapema, kabla miguu haijalemewa. Siku ya nne, kutoka Gairo mtapita Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, kisha Chamwino, ndipo muingie Dodoma.

Barabarani fuataneni mmoja nyuma ya mwingine, kushoto, kamwe si sambamba, huku mkiwa na vizibao vinavyong'aa na kioo kidogo kwenye usukani. Anayefuata nyuma kwa karibu hukingwa upepo na hutumia nguvu pungufu, kwa hiyo badilishaneni kila baada ya dakika kumi, na wa mbele atamke kila shimo analoliona. Lori au basi linapolipita jingine likiwaelekea, shukeni pembeni bila kubishana nalo.

Anzeni saa kumi na mbili asubuhi na mpumzike jua linapokuwa kali. Kunyweni kidogo kidogo tangu mwanzo, karibu nusu lita kwa saa, na kila saa mle ndizi mbivu mbili au chapati. Lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, hurudisha kinachopotea kwa jasho.

Vifaa vya lazima ni tyubu mbili kwa kila mmoja, viraka na solusheni, pampu, spana na mafuta ya cheni. Mafundi baiskeli wako katika miji yote ya njiani, lakini pancha haichagui mji.

Mkishafika, taasisi itoe risiti ya jumla, nanyi muwatumie wachangiaji ndani ya wiki moja pamoja na picha ya kile kilichonunuliwa. Baiskeli hurudi kwa basi: fungueni pedali, geuzeni usukani, na mwombe ziwekwe juu ya mizigo mingine, si chini yake.