Mimea ya tangi haikui? Angalia majani kwanza kabla hujanunua mbolea

Wadau wa samaki wa mapambo hapa Mwanza, kila mara naulizwa swali lile lile, nimepanda mimea kwenye tangi mwezi umeisha haikui, inageuka njano inaoza, niweke mbolea gani. Mi nasema usiweke chochote kwanza. Vuta kiti ukae mbele ya tangi uangalie ni majani yapi yanaumwa, yale ya zamani ya chini au yale machanga, maana hapo ndo pa kuanzia.

Iko hivi. Kuna virutubisho mmea unaweza kuvihamisha, ukiishiwa unavinyonya kutoka jani la zamani unalipelekea jani changa, kwa hiyo ugonjwa unaanzia chini. Jani la zamani likiwa njano lote afu linalegea na kudondoka, shuku naitrojeni. Likiwa na vitundu vidogo kama limetobolewa na sindano na pembeni ya kitundu pana njano, hapo ni potasiamu. Likiwa njano huku mishipa imebaki kijani ni magnesiamu. Ila madini chuma na kalsiamu hayahami, yakikosekana utaona kwenye majani mapya, yakitoka yamepauka na mishipa ya kijani ni chuma, yakitoka madogo yamejikunja umbo limeharibika ni kalsiamu.

Kwetu huku mi huwa naanza na potasiamu. Maji ya bomba la mjini yanatoka ziwani na maji ya ziwa letu ni laini, we mwenyewe unajua sabuni inavyotoa povu haraka, ukienda Dodoma na sabuni ile ile unasumbuka. Maji laini mimea mingi inayapenda, tatizo yana madini kidogo. Tangi langu la lita 80 pale Nyegezi lilikuwa na valisneria, ule mmea wa majani marefu kama utepe, imetoboka toboka na mi nikawalaumu konokono, nikawatoa mmoja mmoja karibu miezi miwili, na majani yakaendelea kutoboka vile vile. Nikaja kuweka potasiamu salfeti gramu 1.8, ambayo kwa lita 80 inakupa kama miligramu 10 za potasiamu kwa kila lita, na kila nikibadilisha nusu ya maji narudishia nusu ya hiyo. Majani yaliyofuata yakatoka mazima. Jani lililokwisha kutoboka haliponi kwa hiyo usilitazame hilo, tazama jipya.

Potasiamu salfeti ulizia kwenye maduka ya pembejeo, hasa wanaouzia watu wa green house. Ila nakuomba sana, urea, DAP, CAN na NPK ya shambani usitie kwenye maji yenye samaki. Zina amonia au zinageuka kuwa amonia na samaki watakufa, hata kijiko kimoja kwenye tangi dogo kinatosha kuwamaliza. Kama naitrojeni ndo imepungua, mara nyingi kuongeza samaki wawili watatu au chakula kidogo inatosha, kinyesi chao ni mbolea.

Sasa kama majani yote yanaoza, ya juu na ya chini, mbolea haihusiki. Jiulize umeinunua lini. Mimea mingi ya dukani inakuzwa ikiwa nje ya maji, majani ya nje ya maji hayawezi maisha ya ndani ya maji, kwa hiyo wiki mbili hadi nne za mwanzo yanakufa na mmea unatoa mengine. Watu wengi wanang'oa wakati huo huo, wanatupa mmea mzima. Kata jani bovu, mzizi uache. Na mmea unaoitwa anubiasi usiufukie kwenye mchanga, lile shina nene linalolala likifukiwa linaoza, ufunge na uzi juu ya jiwe. Haya majiwe yetu ya graniti ni salama, hayabadilishi maji. Jiwe usilolijua lidondoshee siki, likitoa povu lina chokaa.

Taa. Masaa 6 hadi 8 kwa siku yanatosha, weka soketi ya taima ili uwe muda ule ule kila siku, taa nyeupe ya LED iliyoandikwa 6500K iko poa. Dirishani usiweke, jua letu la saa sita linaleta ukoga wa kijani kwenye kioo na kwenye majani, afu ukoga unazuia mwanga, mmea unadhoofika, we unaongeza taa, ukoga unazidi. Umeme ukikatika siku moja mimea haifi, wasiwasi wako uwe kwa samaki na filta.

Ukiwa na taa kali lazima na hewa ya ukaa iwe ya kutosha, la sivyo punguza taa. Njia ya bei nafuu ya kuitengeneza ni chupa ya lita moja na nusu, sukari vikombe viwili, hamira robo kijiko cha chai, maji ya uvuguvugu usijaze mpaka juu, mpira unapita kwenye kifuniko mpaka ndani ya tangi. Inakaa kama wiki mbili. Mpira usizibe kabisa, chupa itapasuka. Ukiona samaki wanahema juu ya maji toa mpira mara moja uwashe pampu ya hewa.

Angalia na samaki wenyewe, sato anakula mimea na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wengi wanachimba mchanga, kila asubuhi unakuta mmea unaelea, huo hauumwi, umeng'olewa tu.

Wengine mnachukua mimea ziwani, na kweli valisneria ipo, na ule wenye majani kama manyoya unaonasa kwenye nyavu upo, inazoea tangi haraka kuliko ya dukani. Ila usiingie majini miguu wazi, kichocho kipo kwenye mwambao wetu na kinabebwa na konokono. Waombe wavuvi wanaotoa nyavu wakupe iliyonasa. Ukifika nayo nyumbani vaa glavu, isuuze kwenye ndoo, toa kila konokono na mayai yake, yale kama ute mdogo chini ya jani, na yale maji ya kusuuzia mwaga kwenye ardhi kavu, usiyarudishe mtaroni wala ziwani.