SOMO: Kitunguu Dodoma kinywe maji kiasi gani? Acheni ratiba ya mwaka jana

Wakuu, kila wiki naulizwa ekari inywe lita ngapi. Hakuna jibu moja. Juni kuna ubaridi, Oktoba jua na upepo, na masika yenyewe huweza kukatika Februari. Naandika mara moja, hifadhini.

1. Ili ujue jua na upepo vinakausha maji kiasi gani kwa siku, fundi bati akuchongee beseni: kipenyo sentimita 121, kina 25. Liweke juu ya fremu ya mbao, mahali wazi.

2. Jaza maji, ubakize sentimita 5 toka ukingoni.

3. Kila siku saa moja asubuhi soma rula, maji yameshuka milimita ngapi.

4. Zidisha kwa 0.7 (beseni hukauka kuliko shamba), halafu kwa namba ya zao: kitunguu kichanga 0.7, kikistawi 1.05, kikikomaa 0.75. Yameshuka 8? 8 × 0.7 × 1.05 ni kama 5.9. Milimita 1 kwa ekari ni lita 4,047, hivyo ni kama lita 23,800 kwa siku. Wa mifereji aongeze, mengi hupotelea njiani.

5. Mvua. Hapa ndipo nilipopoteza mtaji. Januari moja ilipiga milimita 40 kwa saa moja. Nikagawa kwa 5.9, nikapata siku sita, nikafunga koki nikaenda mjini. Nilirudi siku ya nne, majani yamelala. Udongo wangu wa kichanga hushika kama milimita 100 za maji kwa kila mita ya kina. Mizizi ya kitunguu iko sentimita 30 za juu, basi ni milimita 30, na kitunguu huanza kuumia kikishatumia theluthi yake. Katika zile 40, zilizonifaa ni kama 10, hazifiki siku mbili! Nyingine zilikimbilia korongoni au zilizama na mbolea yangu. ONYO: kwenye kichanga usihesabu zaidi ya 10, hata inyeshe usiku kucha. Manyunyu usiyahesabu.

Mpambanaji: Mkuu, kwa hiyo ekari lita ngapi?
Jibu: Hatua ya 4.

Kijana wa Shamba: Beseni la nini? Natumia ndoo.
Jibu: Ndoo hupata joto ubavuni, itakudanganya. Sijamlazimisha mtu.

Mama Bustani: Kaka, ndege na mbuzi wakinywa humo?
Jibu: Umewaza vizuri sana, dada. Funika kwa wavu wa kuku. Wavu hupunguza mvukizo kama asilimia 10, kwa hiyo 8 ifanye karibu 9. Mbuzi, zungushia miiba.

Mama Bustani: Asante. Mimi hutandaza nyasi kavu kati ya mistari, udongo haukauki upesi.
Jibu: Hata mimi, ila kagua mchwa kila asubuhi.